Tangi la samaki na stima ya nyumba: mambo ambayo muuzaji hakwambii

Katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Mwembe Tayari, tangi la samaki limechukua mahali pa lile kabati la vyombo vya kauri lililokuwa fahari ya sebule za mama zetu. Watoto walipenda, wageni walisifu, na mtu akirudi kazini hukaa akatazama samaki wakipita akapumzisha akili. Sina neno na hilo. Neno langu ni juu ya kile kilicho nyuma ya tangi, pale mgeni asipoona: nyaya tatu au nne zilizotumbukia majini, ekstensheni iliyolazwa sakafuni, na plagi ya miguu miwili iliyoshindiliwa kwa nguvu katika soketi ya matundu matatu.

Nilisomea diploma ya stima Mombasa Polytechnic, chuo kilichoanza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ile MIOME ya wazee wetu, na ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku hizi kalamu hunishughulisha kuliko koleo, lakini jirani akiona kitu kinatoa cheche bado hunigongea mlango. Haya ninayoyaandika ni majibu ya maswali ninayoulizwa mara kwa mara, nimeyaweka pamoja ili mwenye tangi ayahifadhi.

Swali la kwanza, na ndilo linalonitia hofu zaidi, ni hili: maji yangekuwa na stima, samaki si wangekufa?

Si lazima. Kunguru hutua juu ya waya wa Kenya Power akapiga kelele zake akaruka mzima, kwa sababu mwili wake wote uko kwenye volti ile ile na hana njia ya kuipeleka stima ardhini. Samaki ndani ya tangi ni kama kunguru huyo. Tangi ni kioo, na kioo hakipitishi stima. Gundi ya silikoni haipitishi. Meza ya mbao kavu haipitishi ya kuhesabika. Basi pampu ikipasuka ganda na waya wa moto ukagusana na maji, maji yote yaweza kushika volti 240 kutwa kucha, samaki wakiogelea, taa ikiwaka, pampu ikivuma, na hakuna kitakachozimika wala kunuka. Kinachongojwa ni njia ya kushuka ardhini. Njia hiyo ni mtu atakayetia mkono majini kutoa jani lililooza.

Na sisi watu wa pwani tuna desturi inayozidisha jambo hili. Viatu twaviacha mlangoni. Aliye sebuleni yuko miguu mitupu juu ya saruji au vigae, na mara nyingi sakafu imetoka kupigwa deki. Mwengine ametoka kutawadha, mikono na miguu ingali maji, akakumbuka kuwa samaki hawajala.

Hesabu yake ni rahisi. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, hufika omu elfu makumi. Ukigusa volti 240 kwa ngozi yenye ukinzani wa omu 100,000, kinachopita mwilini ni kama miliampea 2 na ushei: utashtuka, utatukana, utaendelea na shughuli zako. Mkono ukiwa ndani ya maji na miguu mitupu ikiwa juu ya sakafu chepechepe, ukinzani wa mwili waweza kuteremka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 upate miliampea 240. Sasa linganisha na yanayojulikana kuhusu mwili wa binadamu: miliampea 1 mtu huisikia kama kutekenywa, ikifika 10 hivi misuli ya mkono hukaza, akashindwa kuachia alichoshika, kuanzia 30 na kupanda, ikipita kifuani kwa muda, pumzi hukwama na moyo waweza kupoteza mpigo wake. Zile 240 ni mara nane ya 30.

Maji yenyewe nayo yana mchango. Maji ya mfereji yanayotujia kutoka Mzima, Baricho na Marere hupitisha stima kiasi. Maji ya visima vya kisiwani, ambayo wengi wetu ndiyo tunayotumia mfereji unapokauka, yana chumvi na hupitisha zaidi. Maji ya bahari, yenye kama gramu 35 za chumvi katika kila lita, ndiyo mabingwa. Kwa hiyo mwenye tangi la samaki wa baharini asome haya mara mbili.

Swali la pili: fyuzi je, si ipo? Sakiti breka je, si itaanguka?

Hapa ndipo hata baadhi ya mafundi hukosea. Fyuzi iliyo ndani ya plagi zetu kwa kawaida ni ya ampea 13. Ampea 13 ni miliampea 13,000. Mtu hufa kwa miliampea chini ya mia, na fyuzi haitajua kuwa kuna jambo lililotokea. Breka ya soketi ni vivyo hivyo. Vifaa hivyo viliwekwa kuzuia waya usiungue na nyumba isishike moto, na kazi hiyo wanaifanya vizuri. Kumlinda mtu si kazi yao.

Mwaka jana mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu aliniita. "Kakangu, maji haya yanitekenya kila nikiwapa samaki chakula," akaniambia. Mumewe alikuwa amekaa pale pale akacheka. "Si kitu. Mbona samaki wenyewe wazima?" Nyumba ni ile ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, wapangaji sita wakigawana meta moja. Nilitia testa majini ikawaka. Nikachomoa vifaa kimoja kimoja, testa ikazima nilipofikia pampu ya filta. Kuitoa nje, ganda lake limepasuka ufa mwembamba kama unywele, pale waya unapoingilia. Mama alikuwa akivaa ndara za mpira ndani ya nyumba kwa sababu ya maumivu ya nyayo. Zile ndara ndizo zilizofanya iwe kutekenywa tu. Ana mjukuu wa miaka mitano ambaye hupanda kiti kugusa samaki, na mtoto havai ndara.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayotaka ishikwe: maji ya tangi yakikutekenya hata kidogo, hiyo ni stima inayovuja, na inavuja sasa hivi. Usitie mkono tena. Nenda kwenye meni swichi uzime, chomoa kila kitu cha tangi, halafu tafuta kilichoharibika. Kilichopasuka hutupwa. Pampu ya majini haitengenezwi kwa tepu wala kwa gundi. Ile gundi ngumu iliyomo ndani ilimiminwa kiwandani, na ukishaingia ufa hakuna wa kuuziba.

Niseme na testa pia, maana ni kidogo ya kutegemea na kidogo ya kudanganya. Ikiwaka, amini. Isipowaka, usiamini, kwa kuwa kitaa chake chaweza kuwa kibovu au wewe mwenyewe umesimama juu ya zulia nene. Na mwenye mita ya kupimia volti asishtuke akikuta volti 20 au 30 majini ingawa kila kitu kiko sawa: pampu hufanya kazi kwa sumaku na huweza kuonyesha volti za uongo zisizo na nguvu nyuma yake. Kifaa kinachotofautisha uongo na kweli ni kimoja, nacho ndicho kiini cha makala haya.

Kifaa chenyewe

Dukani kitaje kwa herufi zake, RCD, na useme unataka cha miliampea 30. Ni swichi inayopima stima inayotoka kwenye waya wa moto na ile inayorudi kwenye waya wa nyutro. Zikiwa sawa, hukaa kimya. Zikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna stima inayopotelea pengine, labda ndani ya mtu, na swichi hukata. Kiwango kinaitaka ikate kabla ya sehemu 300 za elfu za sekunde, na mvujo ukiwa mkubwa mara tano, kabla ya sehemu 40. Utashtuka, lakini moyo hautapata muda wa kuchanganyikiwa.

Huja kwa sura tatu. Kuna ile inayofungwa kwenye boksi la breka ikalinda nyumba nzima. Kuna ile ya breka moja yenye kazi zote mbili, ya kulinda mkondo wa soketi moja au mbili. Na kuna ile ya kuchomeka: adapta yenye kitufe, unaichomeka ukutani kisha ekstensheni ya tangi unaichomeka juu yake. Hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa mpangaji, kwa sababu haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba wala kuvunja ukuta, na siku ukihama unahama nayo.

Katika nyumba zetu za zamani ile ya nyumba nzima ina kasoro, na si kosa lake. Wapangaji wamegawiwa vyumba, fundi mmoja kaleta waya wa moto kutoka hapa, mwengine kaazima nyutro ya chumba cha jirani. Ukifunga RCD moja mlangoni yaweza kuwa ikikata usiku na mchana, ikiwa stima inayotoka kupitia kwake hurudi kwa nyutro isiyopita kwake. Kinachofuata nimekiona zaidi ya mara moja: wapangaji wanagombana, fundi anaitwa, anaiunganisha swichi pembeni ili "isisumbue", na boksi linabaki na kifaa kisichofanya kazi lakini chenye kumpa mtu matumaini. Bora RCD ndogo ya soketi moja inayofanya kazi kuliko kubwa iliyozungukwa.

Kila RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Mimi hukumbuka mwezi ukiandama. Ikikata, iwashe tena, uko salama. Isipokata, itoe ununue nyengine.

Watu huuliza: nyumba yetu haina waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita athi, je RCD itafanya kazi? Itafanya. Haihitaji athi, kwa kuwa inalinganisha nyaya mbili zilizopo. Tofauti ni kwamba penye athi, taa yenye bodi la chuma ikivuja RCD hukata papo hapo kabla ya mtu kuigusa. Pasipo athi itangojea mtu aguse ndipo ikate. Kuna wanaouza fimbo ya titani ya kutumbukiza majini ikaunganishwa na athi. Si mbaya, ila itangulie RCD. Fimbo pekee, bila RCD, huyafanya maji yenyewe kuwa njia nzuri ya ardhini, na ukishika taa mbovu kwa mkono mmoja huku mwengine uko majini, umejiunganisha mwenyewe.

Kwa nini nyumba nyingi hazina athi? Mji huu ulipata stima mapema. Kenya Power wenyewe husimulia kuwa chanzo chao ni jenereta iliyonunuliwa 1875 na Seyyid Barghash wa Zanzibar kuangazia kasri lake na njia za jirani, na kwamba 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata ikawa mwanzo wa kampuni ya stima ya Mombasa. Majumba ya Mji wa Kale, Bondeni na huku kwetu yalitiwa nyaya kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya taa kwanza. Soketi zikaja baadaye, zikapachikwa juu ya nyaya mbili zile zile. Tundu la juu la soketi lipo, lakini nyuma yake mara nyingi hakuna kitu. Halafu ongeza hewa yetu ya chumvi, inayokula shaba na skrubu za soketi kimya kimya. Soketi yenye kutu ya kijani au yenye alama nyeusi ya kuungua haifai kubeba tangi.

Plagi ya miguu miwili na kalamu

Vifaa vingi vya tangi huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo au bapa. Soketi yetu, ya mtindo wa Kiingereza, ina vifuniko ndani ya matundu mawili ya chini vinavyofunguka tu mguu wa juu unapoingia. Kila mtu mtaani anajua dawa: chukua kalamu au kijiti, kitie tundu la juu, vifuniko vifunguke, ushindilie. Nimeona nyumba ambayo kifuniko cha kalamu kimebaki humo miezi.

Dawa hiyo ina madhara matatu. Miguu myembamba hailingani na vishikio vya soketi, hivyo hulegea, hupata moto na kutoa cheche. Plagi hiyo haina fyuzi ndani, kwa hiyo waya mwembamba wa pampu unalindwa na breka ya ukutani peke yake, ambayo ni kubwa mno kwake. Na vifuniko vile viliwekwa kwa ajili ya watoto; ukiviacha wazi umempa mtoto matundu mawili ya stima yaliyo kimo cha vidole vyake. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au mwambie fundi akate plagi ile akutilie ya miguu mitatu. Ndani yake weka fyuzi ya ampea 3. Kwa volti 240 hiyo inabeba wati 720, na tangi la kawaida lenye filta, pampu ya hewa na taa halifiki 100.

Walio na jamaa ng'ambo wasikilize. Kifaa kutoka Oman au Dubai kwa kawaida kitakubali stima yetu, na plagi mara nyingi ni hii hii yetu. Kifaa kutoka Marekani kilichoandikwa volti 120 kitaungua dakika hiyo hiyo, na kuungua ndani ya maji si jambo la mzaha. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Unatafuta 220–240V na 50Hz.

Hita usiitie kabisa

Seti za matangi zinazouzwa tayari huja na hita, ile fimbo ya kioo yenye waya wa kupasha moto ndani. Ilibuniwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako samaki wa joto hufa bila hiyo. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi yasiyo ya chumvi wanataka nyuzi 24 hadi 28, na sebule ya Mombasa inawapa hilo bila senti moja. Hita ndiyo yenye wati nyingi kuliko kifaa chochote cha tangi, ndiyo ya kioo, na ndiyo inayopasuka maji yanapopunguzwa ikiwa bado inawaka kisha ikamwagiwa maji ya ubaridi. Irudishe kwenye boksi lake. Mwenye sababu maalumu ya kuitumia aichomoe nusu saa kabla ya kubadilisha maji.

Shida yetu ni kinyume cha baridi. Miezi ya Februari na Machi maji hupanda hadi nyuzi 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kama miligramu 9 kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini saba na nusu tu kwenye nyuzi 30. Watu hufunga feni juu ya tangi, na inasaidia kweli. Ila iwe ndogo ya volti 12 au ya USB, ifungwe kwa skrubu, isiwe feni ya mezani iliyoegemezwa ukingoni ikisubiri paka.

Na stima ikikatika

Hili sisi tunalijua vizuri kuliko waandishi wa vitabu vya samaki vya Ulaya. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Agosti 2023 tukaona tena giza la nchi nzima. Na baina ya hayo kuna lile giza la kila siku la tokeni kwisha, ambalo katika nyumba ya meta moja lina ugomvi wake.

Pampu ya hewa ikiwa imewekwa chini ya kimo cha maji, ikizimika tu hewa hukoma kusukuma, na maji huanza kuteremka ndani ya kile kipira kama vile mtu anyonyapo petroli kwa mpira. Yataingia ndani ya pampu, yatafuata waya, yatafika kwenye ekstensheni. Stima ikirudi saa nane za usiku kila kitu kimelowa na wewe umelala. Kinga ni mbili na zote rahisi: ining'inize pampu ya hewa juu kuliko maji, na katikati ya kipira tia ile vali ndogo ya plastiki ya njia moja inayozuia maji kurudi. Ukiishaitia, pulizia kwa mdomo kuhakikisha hewa inaelekea tangini. Wengi huitia kinyume.

Stima inaporudi huja mara nyengine na volti za kupindukia. Ukiwa macho, chomoa tangi, ngoja dakika chache, rudisha. Samaki hawatakufa kwa muda huo. Kwa giza refu, pampu ndogo ya hewa ya USB na power bank hutosha usiku mzima, na volti 5 haziui mtu. Kwa matangi madogo ninaona hivyo ndivyo ingefaa hata siku za kawaida.

Nyaya zipangwe vipi

Soketi au ekstensheni iwe ukutani, kando ya tangi na juu ya kimo cha maji. Isiwe chini ya meza. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 lina kama lita 65. Kioo kikiachia, hizo zote zitamwagika pale ekstensheni ilipolala. Kama soketi iko chini na huwezi kuihamisha, kila waya uuache ulegee ushuke chini kuliko soketi kabla haujapanda kuingia kwenye plagi. Tone la maji likifuata waya litafika kwenye ule mpindo likadondoka sakafuni, halitapanda. Hii haigharimu chochote na sijui kwa nini wauzaji hawaisemi.

Kwa tangi la maji ya bahari mpindo hautoshi. Chumvi hutambaa: matone hukauka juu ya waya, chumvi hubaki, huvuta unyevu, hupanda taratibu hadi kwenye plagi. Kila wiki chomoa na ufute nyaya kwa kitambaa kilichotiwa maji matamu kisha kikavu. (Na samaki hao wasitoke ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambako tangu 1986 kuvua ni marufuku.)

Kabla ya kutia mkono majini, chomoa. Nasema chomoa, sisemi zima. Swichi ya soketi hukata waya mmoja tu, na katika nyumba zetu si nadra kukuta fundi aligeuza, moto mahali pa nyutro. Hapo swichi ikizimwa pampu husimama, lakini waya wa moto bado umo majini. Plagi iliyo mkononi mwako haina shaka. Mikono iwe mikavu wakati wa kuchomoa, na vivyo hivyo wakati wa kurudisha.

Mwenye nyumba na fundi

Kuanzia meta kuja ndani, nyaya ni za mwenye nyumba, si za Kenya Power. Fundi anayezigusa anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na una haki ya kumwomba akuonyeshe. Wengi wa mafundi wetu wa mtaani ni vijana hodari, lakini uhodari wa kuwasha taa si ujuzi wa kupima athi.

Ile nyumba ya yule mama, wapangaji sita walimwendea mwenye nyumba wakiwa pamoja. Aliwaambia nyumba imesimama miaka mingi na hakuna aliyekufa, na anayetaka nyaya mpya atie kwa pesa zake. Ndipo wakachanga wakanunua RCD za kuchomeka, moja kwa kila chumba chenye friji au tangi. Wiki ya pili ile ya chumba cha nyuma ikakata: ilikuwa ni birika la stima. Nyaya hadi leo ni zile zile, na kodi wameongezewa.

Mtu akipigwa

Usimshike. Ukimshika na wewe umeingia. Kimbilia meni swichi uzime. Kama iko mbali, chomoa plagi, au msukume mtu au waya kwa kitu kikavu kisichopitisha stima, mpini wa ufagio wa mbao au kiti cha plastiki, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akishaachana na stima, mtazame kama anapumua. Kama hajibu na hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza, apulize mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Asiyejua, abonyeze tu asisimame. Mwengine apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kama kilichoharibika ni waya wa nje au meta, Kenya Power ni 97771.

Na hata aliyeinuka mwenyewe akasema yu mzima, akishakuwa amekazwa na stima au amezimia japo kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapimwe mpigo wa moyo. Kutoka Mwembe Tayari hadi hospitali kuu ya Makadara ni mwendo wa tuktuk dakika chache.